Mabamba Yaliyogoma Kuzama

Wadogo zangu wa kitengo cha vipimo, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau, nikaitikia kwa kichwa, na mtu mzima akishaitikia ni vigumu kurudi nyuma. Basi nimekaa sebuleni kwangu hapa mtaa wa Gerezani, miwani puani, feni nimeielekeza kwangu peke yangu, naandika. Vyeo sitavitaja. Mishahara ndiyo kabisa, hiyo mnaijua, na nikiwa sipo mnaijadili. Nitawaambia habari za tope na mchanga, na za kisiwa kile cha matenki ambacho nyinyi mmekikuta kimesimama, mkadhani kilizaliwa hivyo.

Kwa asiyeijua kazi yetu: sisi tunapima kuzama. Mtu akimwaga mchanga baharini na kuuita ardhi, ardhi hiyo hushuka. Hushuka kwa uzito wake yenyewe, na tope lililo chini yake hukamuliwa maji kama tui. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kujenga kabla haijamaliza kushuka. Miaka yangu yote nilikuwa mtu wa kusema bado, halafu siku moja nikasema tayari. Marehemu mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba nafanya kazi bandarini, basi, kwa sababu mara ya kwanza alipojaribu kueleza ukweli, jirani mmoja alimuuliza, "Kwa hiyo analipwa kuangalia mchanga?"

Aliyenifundisha ni Mzee Kanti, Mhindu wa Kisutu, aliyekuwa na maabara ndogo ya udongo katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la vyombo. Alizaliwa mtaa huohuo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kuliko changu. Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimevaa viatu vya mchuchumio, maana niliambiwa ni kazi ya ofisini. Mzee akavitazama, akachukua funguo za gari, akasema, "Twende Jangwani."

Kule bondeni walikuwa wanatoboa shimo ili tuchukue sampuli. Mvua ilikuwa imepita siku chache nyuma, na juu kulionekana kukavu. Nikapiga hatua kama anayeingia harusini, mguu ukazama hadi gotini. Nilipouvuta ulitoka peke yake. Kiatu kile kiko Jangwani mpaka leo.

"Vizuri," Mzee Kanti akasema, wala hakucheka. "Umeshaanza kupima kuzama."

Ndipo nikamwona amevua viatu vyake na kuviacha garini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Popote tulipofika, kabla ya kufungua sanduku la darubini ya kupimia, kabla ya kumsalimia msimamizi, alivua viatu na kulizunguka eneo lote peku. "Hekaluni navua kwa heshima," aliniambia. "Hapa navua kwa akili. Chuma kinakwambia kile ulichokiuliza tu. Mguu unakwambia na ambacho hukuuliza." Alinifundisha pia kusokota tope kati ya viganja. Likisokoteka likawa jembamba kama tambi bila kukatika, huo ni mfinyanzi, na utakusumbua. Likikatika lina mchanga ndani, shukuru Mungu. Nyinyi mna mashine za kuwaambia hayo. Sokoteni tu hivyohivyo, hakuna atakayewacheka zaidi ya walivyonicheka mimi.

Niende moja kwa moja kwenye kisiwa. Mwenye kazi alitaka matenki ya mafuta yasikae karibu na nyumba za watu, akataka yawekwe juu ya kisiwa, na kisiwa hakikuwepo. Ndiyo tukaitwa. Kila asubuhi tulipanda boti Kivukoni, tukipita pembeni ya mnada wa samaki wa Feri wakati wachuuzi wanapandishiana bei za changu na vibua, na jioni tulirudi palepale. Nyumbani kwangu walizoea kunipokea kwa kuutazama mkono wangu kwanza, una samaki au hauna, ndipo wanisalimie.

Watu hudhani kisiwa kinajengwa kwa kumwaga mchanga mpaka uchomoze. Ukifanya hivyo, mawimbi yatakushukuru kwa zawadi. Kwanza linatandazwa pazia, kitambaa kizito kinachoning'inia majini kutoka kwenye maboya, ili tope litakalotibuka lisiende kuwaharibia wavuvi. Kisha inajengwa pete ya mawe, makubwa nje, madogo ndani, na kitambaa cha kuchuja kinawekwa mgongoni mwa mawe ili mchanga usivuje. Baada ya hapo ndipo inakuja meli ya kufyonza. Inanyonya mchanga huko kina kirefu, inausukuma kwenye bomba pamoja na maji, na bomba linatapika ndani ya pete mchana kutwa. Maji yanachuja kutoka, mchanga unabaki, makatapila yanausambaza. Kisiwa kikishafika juu, unakirundikia mchanga mwingine wa ziada, kilima kizima, ili kikandamizwe zaidi ya kitakavyokandamizwa na matenki yenyewe. Halafu unasubiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu haionekani kama kazi, na kila bosi anayepita anauliza kwa nini watu wamekaa.

Sasa, utajuaje kimeshuka kiasi gani? Kwa mabamba. Bamba la chuma, upana wake kama sinia la watu wanane, limechomelewa bomba la kusimama katikati. Linalazwa juu ya tope kabla mchanga haujamwagwa. Mchanga unavyopanda tunaliunga bomba kipande baada ya kipande, ili kichwa chake kibaki juu. Tope likishuka, bamba linashuka nalo, na kichwa cha bomba kinashuka vilevile. Mimi niliweka darubini juu ya mwamba ng'ambo, mahali pasipocheza, nikawa nasoma vile vichwa. Kila bomba nilifunga kitambaa ili madereva wa makatapila wasiligonge. Nilinunua vyekundu Kariakoo, madereva mashabiki wa timu ya njano ya Jangwani wakanuna. Nikarudi nikabadilisha kwa vya njano, wakanuna wale wengine. Tukamalizia na rangi ya chungwa, ambayo haikuwa na timu pale kazini.

Aliyeyalaza mabamba yale ni fundi Shomari. Ukoo wao ni mafundi wa kuta za mawe tangu enzi za babu zao, watu wa Pwani hasa, na yeye alikuwa akipiga mbizi tangu utoto. Alikuwa na timu yake ya wazamiaji, na hakukuwa na kazi ya chini ya maji ambayo hakuiweza. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na alikwisha kununua kiwanja Kigamboni. Aliniheshimu, nami nikamheshimu. Tulipoyashusha mabamba botini nilimwambia, "Fundi, haya ni wanangu." Akaweka mkono kifuani. "Mama Rukia, usiwe na wasiwasi nao."

Na kweli sikuwa nao. Miezi ikapita, nikasoma. Mwanzoni mabamba yalishuka kidogo, halafu yakatulia kabisa. Injinia Lema, aliyekuwa mkuu wa mradi, kijana makini wa simu mbili, alizipokea namba zangu kama mtu anayepokea mtoto wa kiume. Akamwarifu mwenye kazi kwamba kisiwa kimetulia mapema kuliko ilivyotarajiwa. Vipande vya matenki vikafika bandarini. Kilima cha ziada kikaondolewa, kisiwa kikasawazishwa kama meza. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Kabla sijaiweka ikashuka masika. Ilinyesha hata boti hazikuvuka kwa siku kadhaa. Ilipokatika nikavuka na watu wa kwanza, nikavua viatu, nikaanza kuzunguka. Kisiwa chote kilikuwa kimetuama maji, yananifika kwenye vifundo vya miguu. Hilo halikunishangaza sana. Nikakata maji mpaka kwenye bomba la kwanza, na hapo miguu yangu ikapanda mahali pakavu. Nikasimama. Nikaenda kwenye la pili, nako pakavu. Mabomba yote yalikuwa yamesimama kila moja juu ya kichuguu chake, na vitambaa vya chungwa vinapepea, kama visiwa vidogo juu ya kisiwa.

Niliogopa. Nasema wazi, maana mtu wa vipimo asiyeogopa ni wa kuogopwa. Tuliuacha uso ule sawasawa kama meza, na sasa palipokuwa na mabamba palikuwa juu na kwingine kote kulikuwa chini. Maana yake kisiwa kilikuwa kikiendelea kuzama, na vitu pekee ambavyo havikuzama ni vile nilivyokuwa nikivipima.

Shomari akanikuta nimekaa juu ya kichuguu, amebeba chupa yake ya chai.

"Mama Rukia, mbona umekaa kama uliyefiwa?"

"Fundi, mabamba haya ulipoyalaza, chini yake uliweka nini?"

Uso wake ukang'aa. "Mawe, mama. Mawe ya matumbawe. Ulidhani ningewaacha wanao kwenye uji ule? Tulidondosha mawe mpaka yakagoma kuzama, ndipo tukalaza bamba. Hayo hayaendi popote, mpaka wajukuu zetu watayakuta."

"Yote?"

"Yote. Lile la karibu na gati lilikula mawe, mpaka vijana wangu wakataka kugoma wao."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Kwa fundi wa ukoo wake, nguzo ikizama ni aibu inayomfuata mpaka msibani. Kitu ukikisimamisha baharini unakitafutia mawe mpaka yagome. Baba yake alimfundisha hivyo, na babu yake alimfundisha baba. Mawe yale yalipenya tope lote hadi kwenye ardhi ngumu chini, mabamba yangu yakasimama juu ya miguu ya mawe, na tope likashuka pembeni yao pamoja na kisiwa kizima. Alikuwa amefanya kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Nikamweleza polepole. Alisikiliza huku akiushika mfuniko wa chupa, hakunywa.

"Kwa hiyo," akasema, "kuzama kwake ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo kazi yake."

"Miaka yote nimelaza mabomba, nguzo, maboya. Hakuna kitu nilichopewa kizame." Akatazama maji. "Hakuna aliyeniambia, mama."

Ilikuwa kweli. Alipewa mchoro na akaambiwa yakae sawa. Sasa kitu kitakaaje sawa juu ya uji?

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Matenki yangesimamishwa juu ya ardhi inayotembea, upande mmoja ungeshuka kuliko mwingine, chuma kingepasuka, na watu wangekuwa wanafanya kazi chini yake. Lazima niseme. Lakini Injinia asingekubali kusimamisha mradi kwa sababu ya madimbwi, angetaka sababu, na sababu ilikuwa na jina. Pale kazini aliyeharibu alitoka getini siku hiyohiyo. Shomari alikuwa amebakiza miezi ya kuhesabu vidoleni aondoke kwa heshima, na sasa angeondoka akiwa mtu aliyeharibu kisiwa. Nilimtazama, naye akanisoma usoni.

"Usitafute maneno, mama," akasema. Akaifunga chupa yake. "Twende."

Ofisi ya Injinia ilikuwa kontena lenye kiyoyozi kinachotoa baridi ya mochwari. Nilimweleza nilichokiona. Akanisikiliza akiwa amekaa mbele kitini.

"Mama, vipimo ni vyako. Wewe ndiye uliyesema imetulia."

"Nilisema mabamba yametulia, na yametulia kweli. Ardhi ndiyo haijatulia."

"Inawezekanaje?"

Nikafungua mdomo, Shomari akanitangulia. Alieleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kujitetea na bila kujishusha. Injinia Lema akamtazama kwa muda.

"Mawe mpaka yakagoma?"

"Mpaka yakagoma, Injinia."

"Nani alikwambia uweke mawe?"

"Baba yangu."

 Simu moja ikaita, Injinia akaizima bila kuitazama. Kisha, na hili nitamheshimu nalo daima, akainama akafungua kamba za viatu, akavua na soksi, akakunja suruali. "Nionyesheni," akasema. Tulitembea wote watatu ndani ya maji mpaka kwenye kichuguu cha kwanza, naye akapanda, akashuka, akapanda tena. Tukaenda mpaka cha mwisho. Aliporudi alimpigia mwenye kazi pale pale, miguu ikichuruzika. "Hatusimamishi tenki," alisema. "Hapana. Sijui mpaka lini."

Msimamizi wa mkandarasi alikuja mbio kusikia, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba Shomari akusanye vitu vyake. Nikasema, "Sawa, atoke. Na mabamba mapya atayalaza nani?"

"Wazamiaji wako wengi."

"Wako wengi. Watayalaza kama fundi mwema yeyote, juu ya kitu kigumu, na mwakani tutakuwa hapahapa. Kisiwa kizima fundi anayejua kwa nini bamba lizame ni huyu mmoja."

Msimamizi akamgeukia Injinia. Injinia alikuwa anakamua suruali yake.

"Alaze yeye," akasema. "Bila jiwe hata moja, fundi."

"Hata kokoto, Injinia."

Tope hatukuweza kulifikia tena, kwa hiyo mabamba mapya tuliyalaza juu ya mchanga wenyewe, kwenye mashimo ya kina kifupi, na kilima cha ziada kikarudishwa juu yake chote. Nilisimama nikimwangalia Shomari akilaza la kwanza. Alisawazisha mchanga kwa kiganja, akalaza, akaondoka hatua mbili, akarudi, akaligusa, akanitazama. Alikuwa kama mtu aliyelazimishwa kumlaza mtoto sakafuni. "Mama, litashuka hili." Nikamwambia ndiyo, fundi, na tuombe lishuke.

Niliposoma mara ya kwanza alikuwa nyuma yangu, hata pumzi sikuisikia. Nilimwambia yameshuka. Akainamisha kichwa, aibu ya ukoo mzima iko mabegani. Mara ya pili akauliza mwenyewe, "Yameshuka?" Mara ya tatu nilichelewa boti Kivukoni, na nilipofika alikuwa kwenye gati ananisubiri, amekwisha kutazama kwa jicho tu akilinganisha na kigingi alichokipigilia yeye kwenye mwamba.

"Yamezama, mama," akasema, na tabasamu lilimshinda kulificha. "Yamezama vizuri sana."

Yaliendelea kuzama mpaka masika mengine yakaja na kupita. Kuna siku nilidhani mwenye kazi atatufukuza sote, Injinia, mimi, Shomari na mchanga wetu. Kisha kushuka kukapungua, kukawa kama unywele, kukakoma, na kilima kikaondolewa tena. Nikazunguka kisiwa peku asubuhi ya mvua, maji yakawa yametandaa sawasawa kote, hakuna palipokuwa juu wala chini. Ndipo nikasaini. Matenki mnayaona wenyewe kila mkivuka Magogoni.

Nilimpelekea Mzee Kanti kisa hiki Kisutu, wakati huo hatoki tena nyumbani. Mkewe alituletea chai na ganthia, vile vitafunio vya dengu, na mzee alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Halafu akasema, "Mtu mbaya anaharibu kazi mara mojamoja. Mtu mzuri ambaye hajaelezwa anaiharibu kila siku, tena kwa bidii." Tangu siku hiyo sikuwahi kumpa fundi chombo bila kumwambia kinatafuta nini. Inachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Msije mkasema hamna muda huo, mimi nawajua, mnao wa kuangalia simu.

Shomari alistaafu kabla yangu, akaondoka kwa heshima yake, tukamlisha pilau kama mlivyonilisha mimi. Akaenda kujenga Kigamboni. Alipomaliza msingi akasimama. Majirani waliona tofali zimepangwa, saruji ipo, mafundi wapo, na mwenye nyumba amekaa kwenye kiti anautazama msingi. Walimtania kwamba mzee ameishiwa. Akasubiri masika yote yapite ndipo akapandisha ukuta.

Nilikwenda kumtembelea wiki ile nilipostaafu. Nilipiga hodi, mkewe akanikaribisha ndani, lakini Shomari alikwisha kunishika mkono kunipeleka nyuma ya nyumba. Kwenye kona ya msingi alikuwa amelaza bamba, dogo, la kutengeneza mwenyewe, na bomba lake limesimama na kitambaa cha chungwa. Kando yake, kwenye jiwe la ardhini, amepigilia msumari wa kulinganishia.

"Chini yake hakuna jiwe, mama," akasema. "Soma."

Nikavua viatu, nikapiga magoti mchangani kwa shida ya umri wangu, nikafunga jicho moja. Nilichukua muda, maana nilijua anasubiri.

"Limetulia, fundi."

Akashusha pumzi, akamwita mkewe alete chai.